Theluji Iliyogeuzwa Matope

Mwaka juzi, mwezi Oktoba, nilialikwa kwenye mahafali ya kidato cha nne katika shule moja ya sekondari mkoani Mbeya. Shule sitaitaja wala wilaya sitaitaja, kwa sababu nimekuja kuzungumzia kiti cha mkuu wa shule, na kiti hicho kipo kila kata. Bwalo lilijaa mpaka wengine wakasimama nje chini ya turubai. Kulikuwa na wazazi waliotoka Chunya na Ileje, wakalala kwa ndugu zao Mwanjelwa, mjini Mbeya, ili asubuhi wawahi. Vumbi la Oktoba lilikuwa juu ya viatu vya kila mtu. Wahitimu walikaa mbele, mashati yamepigwa pasi, wakisubiri neno la kuondoka nalo.

Mkuu wa shule akasimama. Alitoa hotuba nzuri, na nasema nzuri kwa dhati. Alisimulia kwamba alipokuwa mdogo alikuwa akiamka kabla ya jua, anakwenda kuondoa matope milangoni kwa majirani ili apate senti mbili tatu za kuweka kwenye kibubu. Siku moja mzee jirani akaikagua kazi yake, akakataa kulipa, akamwambia arudie. Alipokwenda kulalamika kwa baba yake, baba akamrudishia koleo lilelile mkononi, akamwambia dunia hailipi kazi ya nusu nusu. Wazazi wakapiga makofi. Mama mmoja mbele yangu alifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Aliyekaa kulia kwangu hakupiga makofi. Alikuwa binti aliyekuja kumsindikiza mdogo wake, mwenyewe yuko mwaka wa pili chuoni, na niliwahi kumfundisha. Akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Samahani mwalimu, huku kwetu nani anamlipa mtoto aondoe matope mlangoni?" Sikuwa na jibu. Akatoa simu, akaitafsiri ile sentensi ya baba kwa Kiingereza, akaitafuta. Hazikupita dakika tatu. Ilikuwa hotuba ya mahafali ya chuo kimoja cha Marekani, imekaa mtandaoni miaka mingi. Tuliisoma pamoja huku mkuu akiendelea kuzungumza, na tukawa tunamtangulia: sentensi inayofuata tuliijua kabla hajaitamka. Katika hotuba ile mtoto alikuwa akiondoa theluji. Mkuu wetu aligeuza theluji kuwa matope, mengine akayaacha yalivyo. Mpaka baba alikuwa wa mtu mwingine.

Huenda ningenyamaza kama nisingemfahamu. Lakini nilisoma naye chuo cha ualimu. Tulilala kitanda kimoja cha deka, yeye juu mimi chini, na usiku wa baridi ya Juni, watu wakishindwa kulala, huzungumza. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la tatu. Alilelewa na bibi yake kwenye miteremko ya Umalila, na bibi alilima pareto. Wasioijua kazi ya pareto wafikirie ua dogo jeupe linalochumwa moja moja kwa mkono, mgongo umeinama, na likishachumwa lianikwe kwenye mkeka. Milima yetu haina subira na anayeanika. Wingu likitokea, mkeka unakimbizwa ndani, likipita unarudishwa nje, na mvua ikikaza maua yanakaushwa juu ya moto jikoni, pua zinawasha, macho yanatoa machozi. Yakikauka yanapungua uzito mpaka unadhani umeibiwa. Ndiyo yaliyomlipia ada. Aliniambia kila akisikia harufu ya dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya kuzunguka kama konokono, anamkumbuka bibi yake, kwa kuwa dawa hiyo asili yake ni pareto.

Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba. Alikuwa nayo maisha yake yote. Katika bwalo lile kulikuwa na watoto ambao vidole vyao vimechuma pareto, wengine wamechimba viazi Uporoto, wengine wamebeba ndizi kutoka mashambani mpaka barabarani Tukuyu. Walihitaji kumwona mtu mzima aliyepita njia yao akawa mkuu wa shule. Badala yake walipewa mtoto wa nchi ya mbali, amevalishwa matope ya Mbeya. Kwa hiyo wizi wa maandishi ninaouzungumzia uliwagusa watu wawili. Aliyenyang'anywa wa kwanza ni mwenye hotuba, ambaye pengine hatajua kamwe. Wa pili ni mwanafunzi wa mstari wa mbele, na huyo hasara yake haina pa kudaiwa.

Mhitimu yule, mdogo wa binti niliyekaa naye, alinisimulia jambo jingine baada ya chakula. Katika shule hiyohiyo, mwaka uliotangulia, wavulana wawili wa kidato cha tatu waliadhibiwa kwa sababu ripoti zao za kazi mradi, ule utafiti mdogo anaoufanya mwanafunzi mwenyewe, zilifanana neno kwa neno. Mmoja alikuwa amemnakili mwenzake. Kanuni za adhabu ya viboko, zilivyorekebishwa mwaka 2002, zinasema viboko visizidi 4, vitolewe na mkuu wa shule mwenyewe au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kwenye daftari pamoja na kosa lake. Viboko vyenyewe mimi siviamini, lakini hilo lina siku yake. Ninachotaka msomaji akione ni daftari. Katika kabati la ofisi ile kuna ukurasa wenye majina mawili ya watoto, na mbele ya majina hayo kosa: kunakili kazi. Chini kuna sahihi. Na mkono ulioweka sahihi ndio ulioshika karatasi za hotuba jukwaani.

Watoto walijua. Watu wazima hudhani wanafunzi hawaoni, lakini mwanafunzi wa bweni anayajua mambo ya walimu wake kuliko mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, anayekuja na gari la wilaya mara moja kwa mwaka. Kabla ya giza kuingia habari ilikuwa imefika mabwenini, na wakampa mkuu jina: Theluji. Jina hilo linaishi hadi leo. Kidato cha kwanza wanalikuta wakiingia, wanalirithi pamoja na magodoro, hata hawajui lilikotoka. Mwalimu wa zamu akiwaonya juu ya kudesa, huko nyuma mstarini mtu ananong'ona neno moja tu, na onyo lote linaanguka.

Ona jinsi lugha yetu yenyewe inavyotusaliti katika jambo hili. Kwa mwanafunzi kosa hili lina majina tele: kudesa, kukopi, kupiga chabo. Kila jina lina adhabu yake. Kwa mkubwa, jambo lilelile tunasema "ametafuta madini", na tunalisema kwa kusifu. Nilipomweleza mwalimu mmoja wa shule ile, mtu mwema na mchapakazi, alinijibu kwamba hotuba haina mwenyewe, na kwamba hata mawaziri huandikiwa. Hoja hizo mbili nimezisikia mara nyingi tangu siku ile, na zinastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu wanaozitoa hawafanyi utani.

Ya kwanza ni nyepesi. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, inaweka hotuba, mihadhara na mahubiri katika kundi moja na vitabu. Hotuba ina mwenyewe. Ya pili ina uzito zaidi. Ni kweli waziri huandikiwa. Lakini kila mtu ukumbini anajua waziri ameandikiwa, na aliyeandika yupo ofisini kwake, amekubali, analipwa kwa kazi hiyo. Risala ya wahitimu nayo mara nyingi huandikwa na mwalimu na kusomwa na mwanafunzi. Wote wanajua, hakuna anayedanganywa. Mkuu aliyesimama na kusema "baba yangu aliniambia" alikuwa akitoa ushahidi juu ya maisha yake. Wasikilizaji walimwamini kama shahidi. Mama yule wa kitenge alimlilia mtoto ambaye hakuwahi kuwapo.

Wapo pia wanaosema kwamba kutaja mwenye maneno ni desturi ya Wazungu na vyuo vikuu vyao, kwamba sisi waswahili maneno ni ya wote. Hapo ndipo ninapokataa kabisa. Ni desturi gani inayotaja vyanzo kuliko yetu? Mzee hafungui kinywa kutoa methali bila kutanguliza "wahenga walisema", na kwa maneno hayo mawili anakiri kwamba hekima anayoitoa si yake. Madrasa humfundisha mtoto kwamba hadithi ya Mtume haisimami bila mlolongo wa waliopokezana, fulani kutoka kwa fulani. Huku kwetu kusini, tangu wamisionari Wamoravian walipofika Rungwe mwaka 1891, hakuna mhubiri aliyesoma Zaburi bila kutaja sura na mstari, na waumini wanafungua kuhakikisha. Bibi kizee akikupa dawa ya kienyeji atakuambia aliipata kwa mama mkwe wake. Kunyamazia chanzo ndiyo desturi ngeni. Imekuja na mashine ya kurudufu, ikakomazwa na simu.

Na mkuu wa shule yule hakuianza peke yake. Fuatilia karatasi zinazopita mezani kwake kwa muhula mmoja. Mwalimu anatakiwa kuwa na azimio la kazi, yaani mpango wa mada atakazofundisha, na andalio la somo, mpango wa kipindi kimoja. Vyote viwili vinapatikana kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu, na steshenari nyingi za mjini zinavyo kwenye kompyuta; unapeleka flashi, unalipa, unarudi navyo. Anabadilisha jina la shule na tarehe. Nimeona andalio lenye idadi ya wanafunzi wa shule nyingine kabisa, wavulana na wasichana, na chini yake sahihi ya mkuu kwamba amelipitia. Kisha inakuja mitihani. Mtihani wa ujirani mwema, ule wa pamoja wa shule jirani, unatungwa kwa kuokota maswali ya mikoa mingine, wakati mwingine pamoja na makosa yake ya chapa, na mwanafunzi mwenye kaka mwenye simu anaupata ukiwa na majibu. Mwalimu anashangaa kwa nini wanafunzi kumi wana jibu moja lenye kosa moja. Wote, mtungaji na mjibuji, wamechota kisima kimoja.

Sasa na akili unde imeingia. Kazi mradi inaandikwa kwa dakika moja, ina utangulizi, ina hitimisho, haina mtoto ndani yake.

Lakini kuna mzizi wa chini zaidi, na naomba nikae hapa kidogo kwa sababu naona wengi wanaruka. Mtoto wa Kyela anazungumza Kinyakyusa nyumbani. Anaanza darasa la kwanza kwa Kiswahili, anakaa nacho miaka saba. Anapoingia kidato cha kwanza karibu kila somo linageuka Kiingereza. Mwalimu anaandika ubaoni, mtoto ananakili. Haelewi nusu yake, lakini ananakili kwa mwandiko mzuri, na daftari linapata alama ya vema. Jioni anakariri alichonakili. Siku ya mtihani anakitapika kama kilivyo, na akifanikiwa kukitapika bila kubadilisha neno, anapata A. Kwa miaka minne tumemfundisha kwamba usalama uko katika maneno ya mwingine, na kwamba akijaribu kusema kwa maneno yake atakosea sarufi na kukatwa alama. Kisha siku ya kazi mradi tunamwambia: hii andika mwenyewe. Na akinakili tunashangaa, tunafungua daftari la adhabu.

Mkuu yule ni zao la daftari lilelile. Alinakili ubaoni kama sisi sote. Naamini, na ninamwonea huruma kwa hilo, kwamba alipokaa usiku kuandaa hotuba alijiambia maneno yake mwenyewe hayatoshi kwa siku kubwa, mgeni rasmi yupo, wazazi wapo. Alifanya alichofundishwa kufanya tangu kidato cha kwanza, akatafuta palipoandikwa vizuri akanakili. Tofauti ni kwamba yeye ndiye aliyewekwa pale kuwaonyesha watoto mpaka kati ya kunakili ili ujifunze na kunakili ili uonekane. Mwalimu wa kawaida anaweza kuusema mpaka huo darasani. Mkuu ndiye anayeonekana akiuvuka au akiuheshimu, kwa kuwa ndiye anayezungumza mstarini, kwenye mahafali, kwenye kikao cha wazazi. Karibu kila neno lake hadharani ni mfano wa uandishi, atake asitake.

Mambo haya hayana taifa. Juni 2011, mjini Edmonton nchini Canada, Philip Baker, mkuu wa kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Alberta, alihutubia hafla ya jioni ya wahitimu wa udaktari. Wahitimu walisikia ndani yake maneno ya kitabibu yasiyo ya kawaida, wakatoa simu, wakakuta yametoka katika hotuba ambayo daktari na mwandishi Atul Gawande aliitoa Stanford mwaka 2010. Baker aliwaomba radhi na siku chache baadaye akaacha cheo hicho. Mei 2021 Robert Caslen, jenerali mstaafu aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha South Carolina, alijiuzulu baada ya kubainika kwamba sehemu ya hotuba yake ya mahafali ilikuwa ya Admirali William McRaven, aliyoitoa Texas mwaka 2014. Na kilicho karibu zaidi na habari yetu ni cha mwaka 2019 mjini Parkersburg, West Virginia: mkuu wa shule ya sekondari alitoa hotuba iliyofanana mno na maneno aliyoyasema mwigizaji Ashton Kutcher mwaka 2013, mmoja wa wahitimu akaziweka hotuba mbili bega kwa bega kwenye video, na mamlaka ya elimu ikamsimamisha mkuu yule siku 5 bila malipo.

Sivileti visa hivi kusema wenzetu ni waaminifu kuliko sisi. Waliokosa ni wao hao. Nimevileta kwa ajili ya wahitimu. Edmonton na Parkersburg waligundua wanafunzi wenyewe, wakasema wanafunzi wenyewe, na walisikilizwa. Wa Mbeya nao waligundua, ndani ya dakika tatu. Njia ya mwongo ni fupi, na simu imeifupisha zaidi. Lakini baada ya kugundua hawakuwa na mlango wa kubisha. Mwanafunzi atamwambia nani? Mkuu wa shule ndiye mwenye daftari la viboko. Ndiye anayeandika barua ya tabia njema ambayo mhitimu ataihitaji. Walimu je? Ndiye anayewajazia tathmini ya kazi. Binti yule niliyekaa naye alisema kitu ambacho sijakisahau: "Mwalimu, mimi nikisema, mdogo wangu atachelewa kupata cheti." Sijui kama angecheleweshwa kweli. Aliogopa hivyo, na hofu hiyo ilitosha. Kwa hiyo ukweli ukashuka chini, ukawa jina la utani mabwenini.

Na tunapoamua kuadhibu, tunajua kuadhibu. Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya watahiniwa 3,303 wa kidato cha nne wa mwaka 2011 kwa udanganyifu. Mwaka 2018 matokeo ya darasa la saba ya shule zote za Halmashauri ya Chemba, mkoani Dodoma, yalifutwa baada ya mtihani kuvuja. Waliovujisha walikuwa watu wazima, waliorudi chumba cha mtihani mwezi Oktoba walikuwa watoto. Aprili 2017 Rais Magufuli alipokea ripoti yenye watumishi wa umma 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Kuhusu vyeti hivyo nchi nzima ilielewa haraka: karatasi ya uongo ni uongo. Lakini mtu anaweza kuwa na cheti halali kilichotolewa na chuo halali kwa utafiti alioandikiwa na kijana wa steshenari, na hakuna uhakiki utakaomgusa, kwa sababu muhuri ni wa kweli. Tunaogopa muhuri wa bandia. Maneno ya bandia tunayapigia makofi.

Niseme pia haki ya wakuu wa shule, maana ninawajua na wengine ni rafiki zangu. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, kazi ya mkuu imekuwa ya watu wanne. Anapokea wanafunzi zaidi ya madawati. Zilipokuja fedha za madarasa ya UVIKO mwaka 2021 aligeuka fundi mkuu, anahesabu mifuko ya saruji na kusaini risiti za kokoto hadi usiku. Anaitwa wilayani asubuhi, anarudi jioni, kesho mahafali. Hotuba anaiandika saa ngapi? Swali hilo ni la haki, na jibu langu ni kwamba angesimama akasema dakika tano bila karatasi. Wazazi wa Chunya hawakulala Mwanjelwa ili waje kusikia fasihi. Angesema, "Sikupata muda wa kuandika, lakini nataka kuwaambia habari ya bibi yangu." Au kama hotuba ile ya Marekani ilimgusa kweli, angesema: kuna mtu mmoja alisimulia kisa hiki, nilikisoma usiku nikakipenda, sikilizeni. Watoto wangejifunza kisa, na wangejifunza namna ya kukichukua. Ingegharimu pumzi moja.

Nikiwa mwanafunzi Iringa nilikuwa na mwalimu wa historia aliyekuwa na desturi moja. Ukijibu vizuri, aliandika jibu lako ubaoni, na pembeni yake jina lako. Akifundisha mkondo mwingine saa ifuatayo, jibu lilibaki na jina. Tulikuwa tunachungulia dirishani kuona majina yetu kwenye darasa la wenzetu. Siku moja alifundisha sababu fulani ya Vita vya Maji Maji, akaandika pembeni jina la mwalimu wa shule nyingine, akasema, "Hili si langu, nilimsikia yeye kwenye semina." Hatukuwahi kusomeshwa somo la maadili ya uandishi. Lakini hakuna hata mmoja wa darasa lile ninayemjua anayeweza kuchukua jambo la mtu akalipitisha kama lake bila mkono kumtetemeka. Sina mapendekezo ya waraka wala kamati. Nina mwalimu yule na chaki yake. Yule mkuu wa Mbeya angeweza kuitibu shule yake kwa asubuhi moja mstarini: kusema nilikosea, hotuba ile ilikuwa ya fulani, na wale wavulana wawili wa kazi mradi waje mbele niwaombe radhi kwa kuwaadhibu kwa kosa ninalolifanya.

Nilimwambia hivyo. Ilinichukua miezi mitatu kupata ujasiri, na nilikwenda ofisini kwake jioni, walimu wameshaondoka, mvua za Januari zikigonga bati. Sikumwendea kwa ukali. Tulikunywa chai. Nikamwambia nilichokiona kwenye simu. Alikaa kimya muda mrefu, akizungusha kikombe. Hakukana. Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia habari ya Umalila, mkeka, bibi, moto wa jikoni. Akaniangalia kama mtu aliyesikia jina la marehemu likitajwa ghafla.

"Mwalimu mwenzangu," akasema, "pareto? Mbele ya mgeni rasmi? Nani angetaka kusikia habari za pareto?"

Dirisha la ofisi lilikuwa wazi. Mvua ilikuwa imepungua, na kidato cha pili walikuwa wakirudi kutoka bustanini, majembe mabegani, wakitembea polepole kwenye matope. Nikamwomba asimame aje dirishani, anitajie wanafunzi watatu kati ya wale na wanakotoka. Aliwajua kwa majina. Wa kwanza alikuwa wa Ilembo, kulekule Umalila.